Kishada chekundu kwenye kiroba: kisa cha utitiri katika bustani ya nyumbani, Dodoma

Bustani yenyewe

Kisa hiki kilitokea Dodoma, pembezoni mwa mji, mtaa ambao barabara zake bado ni za vumbi. Majina nimeyaacha, na mtaa pia. Mwenye bustani ni mama wa makamo, na hapa nitamwita Mama tu kwa kuwa ndivyo nilivyomwita. Yeye aliniita bwana shamba, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshaacha ajira na nilifika kwake kwa sababu ya ujirani tu.

Alikuwa na mashina 32 ya nyanya kwenye matuta manne, bilinganya 9, chainizi na mchicha kidogo, mipapai miwili karibu na bafu la nje, na tuta refu la mnavu kando ya uzio wa upande wa barabara. Mnavu huo aliuthamini kuliko vyote. Ulikuwa pale tangu mwaka uliotangulia: unachumwa, unachipua, mbegu zikidondoka unajiotea wenyewe. Siku ambayo hela ya mboga haipo, mnavu upo.

Maji yalikuwa ya mgawo, mara mbili kwa wiki, yakihifadhiwa kwenye tanki la lita 1,000. Yakiisha, alichota kisima cha jirani, maji ya chumvi. Hayo maji ya chumvi yatatokea tena mbele.

Sharti lake lilikuwa moja: dawa za dukani hapana. Sikumwona kama mtu wa siasa za kilimo hai. Sababu yake ilikuwa watoto, ambao wakitoka shule huchuma nyanya, huifuta kwenye shati na kuila palepale. Kopo la dawa huandikwa siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Mkulima wa shamba kubwa anaweza kuzihesabu siku hizo, kwa kuwa anavuna kwa awamu. Bustani ya nyumbani inavunwa kila jioni, na huwezi kumwambia mtoto wa miaka saba asubiri mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Kwangu hiyo ilikuwa hoja inayojitosheleza.

Mambo yalivyokwenda kabla sijaitwa

Miche ilihamishiwa bustanini mwishoni mwa Julai. Mwishoni mwa Agosti, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kasi na vumbi limekaa juu ya kila kitu, majani ya chini ya nyanya za mstari wa uzio yakaanza kutoka vidoti vyeupe, kama mtu kayanyunyizia unga wa sembe.

Mama aliona njaa ya mbolea. Akaweka urea, kijiko cha chai kwa kila shina. Kwa wiki moja mimea ikachangamka, ikatoa majani laini ya kijani kilichokolea, naye akaamini amepatia. Baadaye nilimweleza kwamba jani laini lililojaa naitrojeni ya urea ndiko utitiri anakozaliana vizuri zaidi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo niliwapikia."

Halafu akapata msiba kijijini, akakaa huko siku tano. Kijana wa jirani aliyeachiwa kumwagilia aliona majani yanazidi kupauka, akapulizia dawa ya wadudu iliyobaki kwao, ya kundi la pairethroidi. Alikusudia wema. Mama aliporudi akakuta harufu, akakasirika, akawapiga watoto marufuku kukaribia matuta kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili zilipoisha, nyanya kumi hivi zilikuwa zimefungwa utando mwembamba kwenye ncha, majani yamekuwa ya rangi ya shaba, na vidoti vimefika kwenye bilinganya. Hapo ndipo nikaitwa, katikati ya Septemba.

Karatasi ya daftari

Tulisalimiana, nikaketi kwenye kigoda, nikaomba karatasi nyeupe. Mtoto akachana ukurasa wa daftari lake la hesabu. Niliuweka chini ya tawi la nyanya, nikaligonga tawi mara tatu kwa kidole. Vikadondoka vipunje vidogo vya rangi ya kutu.

"Vumbi," Mama akasema.

Nikamwambia asubiri. Baada ya muda mfupi vumbi likaanza kutembea. Nilipitisha kidole gumba juu ya karatasi, kikaacha michirizi ya wekundu uliochanganyika na ukijani. Mtoto akakimbia kwenda kuwaita wenzake.

Utitiri si mdudu wa miguu sita. Ni ndugu wa buibui na kupe: mzima ana miguu minane, urefu wake hauzidi nusu milimita, anakaa upande wa chini wa jani na kufyonza chembe hai za jani moja baada ya nyingine. Kila kidoti cheupe juu ya jani ni chembe zilizofyonzwa kwa chini. Kwa joto la karibu nyuzi 30, yai linakuwa utitiri mzima anayetaga ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi, na jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai mia katika maisha yake. Hata jike ambaye hajapandwa anataga. Mayai yake hutoa madume. Kwa hiyo mmoja tu aliyeletwa na upepo, au na shati la mtu, anatosha kuanzisha ukoo.

Ile pairethroidi ya kijana iliwagusa kidogo sana. Iliowamaliza ni maadui zao. Dawa nyingi za kundi hilo huua vibibi-kobe, wale wadudu wadogo wa mgongo wa duara, na utitiri walaji, yaani wanaokula utitiri wenzao, na utitiri wa mimea anabaki peke yake mezani. Ndiyo maana bustani iliharibika zaidi baada ya kupuliziwa kuliko kabla.

Tulichoamua, na kwa nini

Kwanza tulihesabu. Nilimpangia Mama mashina kumi ya nyanya, majani matatu kila shina, lile la chini, la katikati na la juu, ageuze kila Jumamosi asubuhi na kuandika mangapi yana utitiri hai. Siku ya kwanza yalikuwa 26 kati ya 30. Bila namba hiyo tungeishia kubishana kwa hisia, na hisia za mtu anayependa nyanya zake huwa zina matumaini mno.

Pili, tulikubaliana mashina 11 yang'olewe. Yalikuwa na utando mpaka nchani, hayangezaa tena, na kazi yao pekee iliyobaki ilikuwa kulea utitiri. Mama alitaka kuyapa nafasi. Nilimuuliza kama angemwacha kuku mwenye mdondo bandani kwa sababu tu bado anapumua. Akachukua jembe mwenyewe.

Tatu, maji. Siku moja ndiyo, siku moja hapana, mapema asubuhi, kuosha upande wa chini wa majani kwa bomba dogo la mkono la lita mbili. Ndoo moja ya lita 20 ilitosha mashina yote yaliyobaki, na maji yaliyodondoka yalihesabiwa kama umwagiliaji. Asubuhi, ili majani yakauke mapema na kutoleta ukungu.

Nne, sabuni na mafuta ya mwarobaini kwa mashina yenye utitiri tu. Nilisisitiza neno "tu", maana sabuni haichagui. Inamuua na kibibi-kobe akilowa. Watu wanadhani kitu kikiitwa cha asili hakina madhara kwa rafiki. Mwarobaini una umaarufu uliozidi kiasi katika jambo hili. Maji ya mbegu au majani yake yanasaidia kwa viwavi na wadudu wengine, lakini kwa utitiri mafuta ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa yanaziba pumzi. Mama alikuwa na mbegu za mwarobaini alizozitunza kwenye mfuko wa nailoni, zikawa zimeota ukungu. Tukazitupa, kwa sababu mbegu zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na bustani hii ilikuwa ya watoto.

Tano, nikashauri mnavu ung'olewe wote. Hapo nikagonga ukuta.

Wiki saba

Nianze na kosa langu, maana lilianza siku ileile ya kwanza.

Mashina 11 yaliyong'olewa yalitoka tuta la ndani. Tukayabeba mikononi, tukayapitisha katikati ya bustani kwenye kijia cha kati, tukayajaza kwenye kiroba cha mbolea na kukiegemeza kwenye ukuta mpaka kesho yake. Mimi ndiye niliyeelekeza. Asubuhi Mama alinipigia simu, akaniambia kiroba kimeota kitu. Nilikwenda. Kwenye mdomo wa kiroba, pale kamba ilipofunga, palikuwa na kishada chekundu kama nusu ya kidole, kinachocheza kwa upepo. Walikuwa utitiri, maelfu, wamepita kwenye matundu ya ufumaji na kupanda mpaka juu kabisa, wakining'inia kwa nyuzi zao wakisubiri kuchukuliwa. Mmea ukinyauka utitiri hafi nao. Anapanda juu na kusubiri upepo. Tulikichoma kiroba palepale kilipokuwa.

Wiki ya kwanza, baada ya kung'oa na kuosha, majani yenye utitiri yalishuka hadi 19. Wiki ya pili 17 tu, na hapo kulikuwa na ajali. Binti wa Mama, aliyesoma mahali kwamba sabuni inaua utitiri, alikoroga sabuni ya unga ya kufulia akapulizia saa sita mchana. Mashina manne yalibabuka majani kama yamemwagiwa maji ya moto, mawili hayakupona. Sabuni ya unga ina viungo vya kung'arisha nguo ambavyo jani haliviwezi, na jua la mchana linamalizia kazi.

Tulipoanza wenyewe, tulitumia sabuni ya mche iliyokunwa, gramu 5 hivi kwa lita moja. Jaribio la kwanza lilifanywa kwa maji ya kisima. Sabuni iligoma kutoa povu, ikajikusanya kuwa utando wa kijivu juu ya ndoo na kuziba bomba. Kila mtu aliyefua kwa maji ya chumvi anajua hali hiyo, lakini hakuna aliyewaza kwamba sabuni isiyofua nguo haitaua utitiri pia. Tukamwaga. Tulitenga ndoo ya maji ya mgawo, yasiyo na chumvi, kwa ajili ya kupulizia peke yake, tukaongeza kijiko cha chai cha mafuta ya mwarobaini kwa kila lita, tukaujaribu mchanganyiko kwenye majani mawili na kusubiri siku mbili. Hayakubabuka. Tangu hapo tulipulizia saa kumi na moja jioni, tukitikisa bomba kila mara kwa sababu mafuta hupanda juu.

Tulirudia mara tatu, kila baada ya siku nne. Nafasi hiyo ndiyo inayobeba kazi yote. Sabuni inaua aliyeguswa akiwa hai na haidumu ikishakauka; mayai karibu yote yanapona. Kwenye joto la Dodoma ya Oktoba mayai huanguliwa ndani ya siku tatu hadi tano. Ukipulizia mara moja na kuridhika, wiki ijayo umerudi ulikoanzia. Ukirudia siku ya nne na ya nane, unawakuta waliototolewa kabla hawajaanza kutaga. Watu wengi wanaosema sabuni haifanyi kazi walipulizia mara moja.

Wiki ya tatu yalikuwa majani 8 kati ya 30. Mama alinitumia picha ya daftari, na nane hiyo imezungushiwa duara.

Wiki ya nne yakapanda hadi 15.

Tulikaa chini tukaangalia ni mashina gani. Kundi moja lilikuwa pande zote mbili za kijia cha kati, njia ileile tuliyopitishia mashina yaliyong'olewa, sentimita chache kila upande. Kundi la pili lilikuwa mstari wa uzio, unaotazamana na mnavu. La kwanza nililielewa mara moja, likanichoma. La pili lilihitaji mazungumzo.

Mnavu

Siku ya kwanza Mama alikuwa amekataa katakata. "Bwana shamba, nyanya ni ya kukaangia. Mnavu ndio mboga." Tukafikia mapatano: aukate mfupi, abakize robo ya tuta, aoshe kama nyanya. Nilikubali huku nikijua si sahihi, na hilo nalihesabu kosa la pili.

Mnavu na nyanya ni jamii moja. Kuna utitiri mwekundu mmoja, Tetranychus evansi kwa jina la kitaalamu, asili yake Amerika Kusini, aliyeonekana Zimbabwe mwaka 1979 na Kenya mwaka 2001, ambaye kwa Afrika Mashariki mnavu na nyanya ni chakula chake kikuu. Kumtofautisha kabisa na ndugu zake kunahitaji darubini na mtaalamu, ila dalili za pale zilimwelekea yeye: wekundu ule, utando mwingi, na upendeleo wa wazi kwa mnavu. Nilipogeuza majani ya ile robo iliyobakizwa, yale machipukizi mapya, kila jani lilikuwa na utitiri. Kila tulipoosha nyanya, upepo wa barabarani ulivuka mnavu kwanza ndipo ukafika kwenye nyanya.

Sikusema kitu. Nilichukua karatasi, nikagonga tawi la mnavu, nikampa aishike mwenyewe. Ikawa nyekundu. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mbegu zinaweza kubaki. Nikamwambia mbegu kavu zilizopepetwa hazina tatizo. Akachuma matunda yaliyoiva kwenye bakuli, na jioni ile mnavu ukang'olewa wote. Safari hii tulifanya ilivyopaswa tangu mwanzo: kila shina lilowanishwa kwa maji ya sabuni kabla ya kuguswa, likakatwa na kuzikwa palepale kwenye shimo la kina cha goti. Kwenye uzio akatundika viroba vilivyofunguliwa kuzuia vumbi, na upande ule wa njia ukawa unanyunyiziwa maji machafu ya jikoni jioni. Urea ilikuwa imeshasimama. Samadi iliyooza na matandazo ya majani makavu vikachukua nafasi.

Matokeo

Wiki ya tano majani 9. Ya sita 4. Ya saba, mwanzoni mwa Novemba, 3. Mashina 11 yaling'olewa mwanzo, mawili yakababuka, matatu zaidi yakaondolewa baada ya wiki ya nne, kwa hiyo yalibaki 16 kati ya 32. Hayo 16 yalizaa mpaka baada ya Krismasi. Bilinganya zote tisa zilipona, moja ikiwa dhaifu. Mvua ilipoanza, utitiri wakatoweka karibu kabisa, na kama nisingekuwa na namba za kabla ya mvua ningejisifu kwa kazi iliyofanywa na mawingu.

Kupoteza nusu ya nyanya ni hasara. Kwa mtu anayelima kuuza, ningempa ushauri tofauti tangu siku ya kwanza, na ningeanza na kitalu.

Ninavyokitazama kisa sasa

Kama ningeruhusiwa kubaki na jambo moja kati ya yote, ningebaki na kugeuza jani. Vidoti vilionekana mwisho wa Agosti. Utitiri mwenyewe alionekana katikati ya Septemba. Kwa mwendo wa utitiri, hizo ni vizazi viwili, na katika vizazi hivyo viwili mimea ilipewa urea na pairethroidi. Hakuna lililofanywa baadaye lililokuwa na thamani ya zile wiki.

Kung'oa kulisaidia, na kungesaidia zaidi kama kusingesambaza. Maji yalisaidia kuliko nilivyotarajia. Sabuni na mafuta vilifanya kazi kwa sababu ya kalenda. Kama wangetumia mchanganyiko uleule kila walipokumbuka, nadhani tungekuwa bado tunapulizia. Kuhusu pilipili na kitunguu saumu, ambavyo majirani walivileta kwa ukarimu, nilivikataa: sikutaka kitu cha nne kwenye ndoo ambacho kingenizuia kujua kipi kimefanya nini.

Niliulizwa kwa nini sikutafuta utitiri walaji. Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, hutumika sana, hasa Phytoseiulus persimilis, utitiri wa rangi ya chungwa anayekula wenzake. Kwa bustani ya mashina 30 Dodoma hapatikani kwa bei ya maana, na isitoshe huyu utitiri mwekundu wa nyanya hamfai: mlaji huyo hamli vizuri wala hazaliani kwa kumla. Kwa sababu hiyo watafiti, wakiwemo wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, walimtafiti mlaji mwingine kutoka Brazili, Phytoseiulus longipes. Njia hii si ndoto. Utitiri wa kijani wa muhogo alionekana Uganda mwaka 1971 akatapakaa. Mlaji wake, Typhlodromalus aripo, aliachiwa Benin mwaka 1993 naye akasambaa nchi kwa nchi, na wakulima wengi wa muhogo hawajui hata kwamba anawafanyia kazi.

Bustani ya Mama ilipata walaji wake yenyewe. Wiki ya sita, chini ya jani la bilinganya, niliona vibibi-kobe vyeusi tii, kila kimoja kama mbegu ya mchicha, vikitembea juu ya utando na kula mayai. Havikununuliwa. Vilirudi kwa sababu kwa majuma sita hakuna aliyevipulizia sumu, na kwa sababu bilinganya zenye utitiri wachache tulikuwa tumeziacha bila sabuni. Hilo la mwisho lilikuwa uvivu zaidi ya hekima, nakiri.

Msimu uliofuata Mama alikwenda kununua miche na karatasi nyeupe kwenye mkoba. Muuza miche alimuuliza anatafuta nini, kisha akamkasirikia, kisha akampa miche ya trei nyingine iliyokuwa nyuma. Mnavu ameuotesha upya kwa zile mbegu za kwenye bakuli, safari hii nyuma ya nyumba, upande ambao upepo hutoka kwenye nyanya kwenda kwenye mnavu, si kinyume chake. Juzi aliniandikia ujumbe: "Mnavu majani 2 kati ya 30. Nimeshaosha."